Kocha Anataka Jibu Leo

Benchi la uwanja wa barafu wa Glenbarra, mji mdogo wa Kanada, liko mlangoni kabisa, kati ya mashine ya soda iliyokufa na dirisha kubwa la kutazamia hoki ya barafuni, na kuanzia Oktoba mpaka Aprili wazee watatu hulikalia kila asubuhi kama kuku wanaoatamia. Wa kwanza ni Murdoch Beaton, aliyesambaza barua za mji huu mpaka akastaafu na hajawahi kushika cheo katika ligi yoyote ile, ndiyo maana wanamwita Kamishna, kama mkuu wa ligi. Wa pili ni Hector Gillis, aliyeendesha gari la kulainisha barafu mpaka mgongo ukakataa. Huyo, kwa ajili ya maji ya moto ya gari lile, ni Mvuke. Wa tatu ni Valmond Thériault, ambaye enzi hizo aliichezea timu ya chuo kikuu msimu mmoja, na kwa kuwa hapiti mtu mbele yake bila kusimuliwa msimu huo, jina lake likawa Msimu Mmoja. Asubuhi hiyo ya Aprili ilikuwa ya mwisho ya barafu kwa mwaka. Mchana mitambo ya baridi ingezimwa na barafu iachwe iyeyuke. Nje, theluji iliyobaki kwenye maegesho ilikuwa nyeusi kama masizi, na kila mtu mjini alikuwa amechoka na baridi, na mafua, na sura za wenzake.

Leona MacEachern aliingia akikung'uta viatu. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, bado amevaa sare chini ya koti. Hakuja kutazama mchezo. Alikuja kumchukua mwanawe, Keegan, ambaye alikuwa barafuni na marafiki wawili, yeye kasimama golini, wao wakimpigia mashuti mpaka muda wao uishe.

— Mama Keegan! Kamishna alisogea kumpa nafasi. Njoo ukae. Umepauka kama ukuta wa hospitali.

— Nimekesha nikigeuza wazee kitandani, unataka niwe na rangi gani?

— Mmiminie kahawa huyu, Msimu Mmoja.

— Sukari mbili, maziwa mawili, alisema Msimu Mmoja, akimimina bila kuuliza. Tumesikia kocha wa Ardcairn anataka jibu leo.

— Mmesikia kwa nani?

— Kwa Mvuke.

— Na Mvuke kasikia kwa nani?

— Kwa shemeji yake kocha, alisema Mvuke bila aibu. Kabla ya saa sita mchana. Ikipita, nafasi ya kipa anampa mwingine.

Leona alishika kikombe kwa mikono miwili. Hakukataa, maana habari ilikuwa ya kweli, na katika mji huu hakuna siri inayovuka barabara bila kusalimiwa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Keegan alikuwa na miaka ishirini, na ligi ya vijana ilikuwa imemaliza naye. Tangu akiwa na kumi na sita aliishi huko Quebec kwenye nyumba za watu, akipikiwa na mama wengine, kama wanavyoishi vijana wote wa ligi hiyo. Sasa umri ulikuwa umepita, na mbele yake kulikuwa na milango miwili. Chuo kikuu cha Ardcairn, mwendo wa asubuhi nzima kwa gari, kilitaka kipa. Na timu moja ndogo ya kulipwa huko kusini mwa Marekani, kwenye mji ambao watu huiona theluji kwenye kadi za Krismasi, nayo ilitaka kipa. Ligi ya vijana humlipia mchezaji ada ya masomo kwa kila mwaka alioichezea, lakini ukikawia kuanza kusoma, ahadi hiyo inakufa. Na ukishacheza kwa mshahara, vyuo hukukalisha nje mwaka mzima kabla ya kukuruhusu kuvaa jezi yao. Kwa hiyo huwezi kuonja huku, ukatema, ukaenda kuonja kule.

— Wewe sema tu, Mama, Keegan alikuwa amemwambia jana jioni akila. Utakachosema, nitafanya.

Mume wake, ambaye hukaa Alberta kwenye visima vya mafuta wiki nyingi na nyumbani wiki chache, alisema kwenye simu kwamba yeye Leona ndiye aliye karibu na mtoto. Kocha alimpigia Leona mara mbili, kwa sauti ya mtu anayeuza bima. Kila mmoja alikuwa ameushusha mzigo wake mlangoni kwa Leona, akaenda kulala.

— Basi mimi nikwambie, alisema Kamishna, akinyoosha miguu. Mpeleke Ardcairn. Chuo kikuu ndicho kilichozaa hoki. Watu wamesahau hilo. Ni wanafunzi wa Montreal waliokaa chini wakaandika kanuni, wachezaji wangapi, kile kisahani cha mpira kinachopigwa kikitoka nje nani anakirudisha. Kabla yao ilikuwa ni watu kupigana fimbo kwenye bwawa.

— Montreal! Mvuke aliweka kikombe chini kwa kishindo. Montreal waliiba! Hoki ilianza hapa hapa Nova Scotia, Windsor, wavulana wa shule wakicheza kwenye bwawa la jirani. Montreal walichofanya ni kuandika kilichokuwa kinachezwa na wenzao.

— Aliyeandika ndiye mwenye mali.

— Ndiyo maana ulikuwa posta.

— Tena uzuri wa chuo, Kamishna aliendelea kana kwamba hakusikia, ni mpangilio. Nchi yote hii kubwa wameigawa kanda tatu. Huku kwetu pwani ya Atlantiki. Ontario pamoja na wale wa Quebec. Halafu Magharibi. Kila kanda wanauana wenyewe kwa wenyewe majira yote ya baridi, wakimaliza wanakutana timu nane kugombea kombe la nchi. Ukishindwa unajua umeshindwa na nani. Si kama ligi za kulipwa, leo timu iko huku, kesho mwenye timu kaihamishia jangwani.

— Timu nane, na moja kati ya hizo ni mwenyeji, alisema Msimu Mmoja kwa uchungu. Mwenyeji anaingia hata akiwa amefungwa msimu mzima! Kwa sababu ukumbi ni wake. Mimi msimu wangu—

— Tunaujua msimu wako, walisema wawili kwa pamoja.

— Msimu wangu tulitolewa nusu fainali ya kanda, kwa bao lililogonga kiatu. Kiatu changu. Tukarudi nyumbani kutazama kwenye televisheni mwenyeji asiyejua kusimama akicheza kombe la nchi.

— Kiatu chako kilikuwa kinafanya nini mbele ya goli lenu? aliuliza Mvuke.

Msimu Mmoja alijimiminia kahawa. Hilo ni swali ambalo hajalijibu kwa miaka hamsini.

Leona aliinua macho akatazama dirishani. Keegan alikuwa amepiga magoti, glavu imeinuliwa, na kisahani kikagonga nguzo ya goli na kurudi. Sauti ya chuma ilipenya kioo. Marafiki zake walicheka. Keegan hakucheka, akakirudisha kwa fimbo na kusubiri kingine. Leona alifikiri kwamba mtu mwenye furaha hasimami hivyo, lakini pia alifikiri kwamba amekesha, na aliyekesha huona huzuni hata kwenye kibao cha mlango wa kutokea.

— Kwa hiyo Ardcairn, alisema, si kwa sababu alikubali, ila kwa sababu alitaka mtu aendelee kusema ili yeye asiseme.

— Ardcairn gani! Mvuke aligeuka mwili mzima, maana shingo yake haigeuki peke yake. Mama Keegan, nisikilize mimi. Chuo ni mahali hoki inakwenda kufa. Angalia umri wao. Wanaingia na ishirini na moja, wana ndevu, wana magoti mabovu, wengine wana watoto. Wameshaachwa na kila mtu. Hiyo ni nyumba ya wazee, kama pale unapofanya kazi.

— Pale ninapofanya kazi wanalipa ada kubwa kuliko chuo, alisema Leona, na hakuna anayekimbia.

— Umeona? Mpeleke kusini! Alipwe. Hata kama ni kidogo, ni mshahara. Aandike kwenye fomu ya benki, "mchezaji." Unajua ni wangapi wa mji huu wamewahi kuandika hivyo? Hakuna!

— Kusini barafu ni uji, alisema Kamishna.

— Barafu ya kusini naijua mimi, si wewe mpeleka barua. Nimeongea na madereva wenzangu. Ni laini, kweli. Lakini kwa kipa laini ni nzuri. Kisahani kinachoka njiani.

— Kisahani kinachoka?

— Kinachoka! Kinafika golini hakina nguvu. Kule kipa wa kawaida anaonekana bingwa. Ndiyo maana wanawabadilisha washambuliaji kila wiki, wanadhani tatizo ni washambuliaji.

Kamishna alicheka mpaka akakohoa. Msimu Mmoja akampiga mgongoni, kisha naye akaona zamu yake imefika.

— Nyinyi nyote mnaongea mambo ya juzi. Dunia imegeuka. Wamarekani wamebadili kanuni. Zamani kijana akishaonja hii ligi yetu ya vijana, vyuo vyao vilimwona najisi, hawamtaki. Ndiyo maana wote walikuwa wanarudi kwenye vyuo vyetu. Sasa wamefungua mlango. Wazuri wote wanavuka mpaka. Ardcairn watabaki na nini? Na makombo. Mama Keegan, mtafutie chuo cha Wamarekani.

— Wamarekani hawajamwita, alisema Leona.

— Hawajamwita bado! Na unajua kwa nini wamebadili kanuni?

— Kwa sababu ya mawakili, alisema Kamishna. Ilikuwa kwenye redio.

— Redio! Mawakili ni kisingizio. Ni mito. Mito yao haigandi tena. Mtoto wa Marekani siku hizi anajifunzia hoki ndani ya ukumbi, kwa saa, kama piano. Hajawahi kuanguka kwenye barafu yenye nyufa. Kwa hiyo hawana watu wenye vifundo vya miguu. Wanakuja kuchukua vifundo.

— Vifundo, alisema Mvuke taratibu, kama mtu anayeonja supu.

— Vifundo vya Kanada. Wakishamaliza vyetu wataenda Finland.

— Bado hujafika kwenye kiini, alisema Kamishna, ambaye hakupenda kuachwa nyuma. Jiulize kwa nini chuo kinamruhusu mchezaji miaka mitano. Shahada ni miaka minne. Ule wa tano ni wa nini? Nitakwambia. Vyuo vingi vya huku vilianzishwa na mapadri. Padri hakuwa na habari na kombe. Padri alitaka kijana asioe mapema. Mchana darasani, jioni mazoezi, Ijumaa na Jumamosi mechi, Jumapili amevimba uso, hakuna msichana anayemtaka. Mwaka wa tano waliuongeza kwa ajili ya wale wenye sura nzuri.

— Na wewe ulioa na ngapi?

— Kumi na tisa. Sikuenda chuo.

— Si mapadri, alisema Mvuke. Ni mabasi.

— Mabasi yamefanya nini tena?

— Nani aliyechora kanda ya Atlantiki? Tazama ramani. Kutoka huku mpaka kule New Brunswick ni saa ngapi barabarani, kwenye theluji, kurudi usiku, kila wiki mbili? Mtu mwenye akili angechora hivyo? Aliyechora ni mwenye mabasi. Nilimbebea barafu mtu aliyemfahamu.

— Ulimbebea barafu?

— Ya kwenye ndoo. Harusi ya binti yake. Akaniambia mwenyewe, timu ikifungwa karibu na nyumbani, basi halina faida. Kwa hiyo wanazipanga timu zifungwe mbali.

Wote watatu waliinua vikombe kwa heshima ya uwongo mkubwa uliojengwa vizuri. Leona alifunga macho. Alisikia mtambo wa baridi ukinguruma chini ya sakafu, na juu yake sauti za wazee zikianza tena, mapadri, mabasi, vifundo, Windsor, Montreal. Alikuwa amekuja na tumaini dogo sana kwamba katika maneno yao mengi lingedondoka moja la kushika. Simu yake ilitikisika mfukoni. Ilikuwa namba ya kocha. Aliiacha mpaka ikatulia.

— Ni yeye? aliuliza Kamishna.

— Ni yeye.

— Hujapokea.

— Nimwambie nini? Kwamba barafu ya kusini inachosha kisahani?

— Mwambie ndiyo, alisema Kamishna.

— Mwambie hapana, alisema Mvuke.

— Mwambie asubiri Wamarekani, alisema Msimu Mmoja.

— Mnaona? alisema Leona. Niliacha nyumba ya wazee saa moja, nimeingia nyingine.

Hapo ndipo mlango uliposukumwa na Jisha akaingia, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Jisha Kuriakose alitoka Kerala, alikuwa hajamaliza mwezi Glenbarra, na alifanya zamu moja na Leona kwenye nyumba ya wazee; Leona humrudisha nyumbani asubuhi kwa kuwa mji hauna basi. Alikuwa amebaki garini akiongea na mama yake kwa simu, mpaka gari likapoa na miguu ikafa ganzi.

— Samahani, Leona. Nilidhani nimekaa sana ndiyo maana—

— Wewe kaa. Mwanangu hajatoka bado. Hawa ni wazee wangu, usiwaamini kwa lolote. Huyu ni Jisha, tunafanya naye kazi.

Wazee walimpisha, wakampa kahawa na biskuti ya shayiri, wakamuuliza kama Kerala kuna barafu. Alisema iko kwenye friji. Mvuke alilipenda jibu hilo. Kisha, kwa kuwa mgeni ni sikio jipya na masikio mapya ni adimu mjini, walimsimulia yote tangu mwanzo, wote kwa wakati mmoja: kipa, kocha, chuo, kusini, saa sita mchana, kanda tatu, timu nane, mwaka wa tano. Jisha alisikiliza akigeuza kichwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Alikuwa na adabu ya mtu ambaye amelelewa na shangazi wengi. Walipomaliza, alifuta makombo kidoleni.

— Nimeelewa, alisema. Au nimeelewa nusu. Sasa, huyo kijana anataka kusomea nini?

Kamishna alifungua mdomo.

— Ardcairn, alisema.

— Hicho ni chuo. Nauliza somo.

— Wachezaji wengi huwa wanachukua… nafikiri biashara, alisema Msimu Mmoja.

— Wewe ulisomea nini? Mvuke alimuuliza.

— Mimi?

— Si ulikuwa chuo kikuu? Umetuambia kila shuti ulilopiga. Ulikuwa unasoma nini?

Msimu Mmoja alikuna kidevu. Ilionekana wazi kwamba anatafuta kwa dhati.

— Kulikuwa na jengo la matofali, alisema hatimaye. Tulikuwa tunaingilia mlango wa nyuma.

Wote watatu wakamgeukia Leona, maana mama ndiye anayejua. Na Leona alijua mengi. Alijua kwamba Keegan hufungwa zaidi upande wa glavu akiwa amechoka. Alijua goti lipi hufungwa bandeji, na kwamba siku ya mechi hali chochote chekundu. Alijua bei ya kila kinga ya miguu aliyowahi kuvaa tangu akiwa na miaka saba. Alitafuta jibu la Jisha kichwani kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba mbele ya mlango, na kila kitu kilikuwa humo isipokuwa hicho.

— Sijui, alisema.

— Hajawahi kusema? aliuliza Jisha.

— Sijawahi kumuuliza.

Aliweka kikombe chini akainuka. Alisukuma mlango mzito wa kuingilia uwanjani, na baridi ikampiga usoni ikamwamsha kidogo. Alitembea mpaka kwenye ukingo wa mbao akagonga kwa kiganja. Keegan aliinua kinyago, akateleza mpaka pale, jasho linamtoka kama mvuke wa chungu.

— Muda umeisha? Kocha amepiga?

— Unataka kusomea nini?

— Nini?

— Ukienda shule. Unataka kusoma nini huko?

Alijifuta kwa mkono wa jezi.

— Kocha alisema wataniweka kwenye masomo yasiyogongana na mazoezi.

— Sikukuuliza alichosema kocha.

Keegan alimtazama mama yake, kisha akatazama dirishani, ambako sura nne zilikuwa zimejipanga kwenye kioo.

— Unauliza kweli?

— Sijalala tangu jana, Keegan. Nikiuliza, nauliza.

Aligonga barafu kwa ncha ya fimbo.

— Upimaji wa ardhi, alisema. Kama ule wa kiangazi kile nilipowabebea vifaa wapimaji wa barabara, na Mjomba Dougald. Unasimamisha kile chombo kwenye miguu yake mitatu, unachungulia, unaandika. Kitu kinakuwa mahali pake. Na hakuna mtu anayekurushia chochote usoni.

Leona aliegemea ukingo.

— Ardcairn wanafundisha hicho?

— Hapana. Kuna chuo cha ufundi, kule bondeni, upande wa pili wa mkoa. Nilisoma habari zake kwenye basi.

— Wana timu?

— Mama, hawana hata uwanja.

— Na ile ada ya ligi? Inalipa huko?

— Inalipa. Niliwauliza ofisini kabla sijaondoka. Mradi nianze kabla muda haujapita.

— Uliwauliza ofisini, mimi hukuniambia.

Keegan alivua glavu moja. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya chini, ya kitoto kidogo, ingawa ndani ya kinga zake za kipa alikuwa mkubwa kama kabati.

— Ulikuwa unaamka saa kumi na moja alfajiri kunileta hapa. Miaka yote ile. Siku nyingine umetoka kazini, hujalala. Ningeanzaje kusema?

— Nilikuwa naamka kwa sababu ulikuwa hujui kuendesha gari, alisema Leona. Ungetaka kucheza piano ningekupeleka kwenye piano. Tena piano haina jasho.

— Sijachukia hoki.

— Sijasema umechukia.

— Nimechoka tu.

Hilo Leona alilielewa bila kuelezwa. Alitoa simu mfukoni, akaifuta kwenye koti, akampa.

— Huyu amepiga sasa hivi. Mpigie. Wa kusini naye utampigia, na baba yako pia. Mimi sipigi hata moja.

Keegan alitoka barafuni akitembea kwa vyuma vya viatu vyake vya kuteleza kwenye zulia la mpira, akaingia pale mlangoni na kinga zake zote. Wazee walibanana mwisho wa benchi wakamwachia upande mzima, na bado alionekana kama amekalia kiti cha watoto. Jisha alimtazama kwa mshangao. Alikuwa bado hajaona kipa kwa karibu. Simu iliita upande wa pili. Mvuke alisoma kwa makini sana tangazo la mashine ya soda. Kamishna alikagua kucha.

— Kocha? Ni Keegan. Hapana, si mama. Ni mimi… Ndiyo. Nimeamua. Siji… Hapana, si kusini. Nakwenda kusoma. Upimaji… U-pi-ma-ji. Wa ardhi… Ndiyo. Asante. Nimeelewa. Na wewe pia.

Alishusha simu. Mazungumzo yalikuwa mafupi kuliko kufungua kamba za kiatu kimoja.

— Amesemaje? aliuliza Kamishna.

— Amesema sawa.

— Sawa tu?

— Sawa tu. Ana kipa mwingine kutoka Saskatchewan. Alikuwa amekaa anasubiri kwenye simu nyingine.

— Kwenye simu nyingine! alisema Msimu Mmoja. Na huku amemkosesha usingizi mama wa watu kwa wiki nzima!

Kamishna alimtazama kijana muda mrefu, kama anayetazama bahasha isiyo na anwani.

— Lakini chuo kisicho na timu, alisema mwishowe, kwa upole, siku ya Jumamosi usiku watu hufanya nini?

— Hulala, nadhani, alisema Keegan.

— Kila Jumamosi?

Leona hakuketi tena. Wiki nzima alikuwa amedhani kwamba jambo hili likiisha, kwa njia yoyote ile, angelia au angecheka au angalau angepumua kwa nguvu. Halikutokea lolote kati ya hayo. Mabega yake yalishuka kidogo tu, kama ya mtu aliyeambiwa zamu ya kesho haipo. Alimfungia Jisha kofia vizuri chini ya kidevu, bila kufikiri, kama anavyowafanyia wazee wake wa usiku.

— Kavue hivyo vitu, alimwambia mwanawe. Unanuka. Na oga, gari ni dogo.

— Nitaoga haraka.

— Usiharakishe. Funguo hizi hapa. Utaendesha wewe. Jisha anakaa nyuma ya kanisa la Mtakatifu Columba, mshushe kwanza.

Alitoka, akaingia garini upande wa abiria, ambako hakuwa amekaa kwa muda mrefu kiasi kwamba ilimbidi autafute mkanda. Jisha alipanda nyuma. Keegan alipokuja, nywele zimelowa, akawasha injini na kuuliza kama apitie barabara ya pwani au ya daraja, Jisha alisema barabara bado hazijui. Mama yake alikuwa ameshalala, mdomo wazi, kichwa kimeegemea kioo. Keegan alitazama kushoto, akatazama kulia, akachagua ya daraja.